Beberu wa Ubelgiji Atua Katoro

Msomaji wangu, kama hujawahi kunywa beberu, mwenzio nimeshamnywa. Na sikumnywea Ulaya, nimemnywea Katoro, mkoani Geita, kibarazani kwa shemeji yangu, mchimbaji mdogo.

Nilitoka Shinyanga kumsalimia dada. Kufika tu, shemeji akanitolea chupa ndogo aliyopewa na fundi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Leute Bokbier, ya kiwanda cha Van Steenberge, Ertvelde, Ubelgiji.

Asili ya bia ya aina hii ni Ujerumani, mji wa Einbeck. Watu wa Bavaria waliipenda, ila jina la mji likawashinda ulimi, wakaishia kusema "bock", ambayo kwa Kijerumani ni beberu! Mjerumani huichachusha kwenye baridi na kuiacha itulie muda mrefu. Mbelgiji yeye anaichachusha kwenye joto, hamira inapanda juu, ndiyo maana inanukia matunda.

Friji hakuna, tuliipooza mtungini. Nikamimina. Jamani, nyeusi yenye wekundu, kama chai ya rangi iliyokolea majani! Funda la kwanza nikadhani sukari guru. La pili, matobolwa, vile viazi vitamu vya kwetu vilivyochemshwa vikaanikwa juani. Uchungu upo kidogo tu, tena unakuja mwishoni. Kwangu utamu ulizidi, glasi moja unaomba maji. Lakini harufu ile, acha bwana.

Sasa huo utamu ndio unaodanganya watu. Kilevi chake ni asilimia 7.5, wakati Safari Lager ni 5.5. Na shemeji usiku ule alikuwa na zamu duarani.

"Si kama soda tu hii, shemeji," akasema, glasi kainyoosha.

Dada hakusema kitu. Aliacha kumenya ndizi, akamtazama. Mwaka jana walimzika jirani yao aliyefunikwa na kifusi.

Basi nikajitia uroho. Nikasema mgeni hagawi, nikainywa yote mpaka machicha ya chini. Shemeji akaninunia kweli kweli, akavaa tochi yake kichwani, huyo akaenda.

Asubuhi saa moja karudi, vumbi mpaka kwenye kope, ananikuta nimejishika kichwa.

"Vipi shemeji, beberu kakupiga pembe?"

Dada akacheka, akaenda kumtengea maji ya kuoga.