Saa Ninazokopa kwa Mama Mkwe

Nikiwaambia walimu wenzangu kwamba nasoma shahada kwa njia ya huria, ushauri ni uleule: panga muda wako. Ratiba ninayo, nimeibandika kwenye mlango wa kabati, na sikumbuki wiki iliyofuatwa yote. Mtoto akishikwa na homa ratiba haina la kusema. Kinachonisomesha mimi ni mapatano: na mume wangu, na mama yake, na binti yangu mkubwa aliye kidato cha pili, ambaye bei yake hupanda kila muhula.

Nafundisha shule ya msingi huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Nina watoto watatu, na kitinda mimba bado ananyonya. Kwenda kukaa chuoni kungenidai ruhusa ndefu ya mwajiri, chumba cha kupanga mjini, na moyo wa kuacha mtoto, ambao sina. Nikajiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na watu waliolengwa ni sisi tulio kazini, wenye familia, tunaoishi mbali na vyuo. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, ila mwanafunzi wa mkoani anajuana zaidi na kituo cha mkoa wake. Changu kipo Mtwara mjini.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Unajisajili kwa kozi unazoweza kuzilipia, unasoma maandiko yaliyowekwa kwenye mtandao wa chuo, unafanya kazi na majaribio, kisha unakwenda kituoni kufanya mtihani mbele ya msimamizi. Mtaani wapo wanaoamini shahada hii inanunuliwa, kwa kuwa hawamwoni mtu akitoka na begi kwenda darasani. Waje siku ya mtihani waone jasho.

Jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua mapema ni kwamba mzigo unaupima mwenyewe, alimradi usivuke ukomo wa miaka uliowekwa na chuo. Mwaka niliojifungua nilichukua kozi chache. Tulioanza pamoja walinipita, nami sikujali. Lakini uhuru huo huo, kwa maoni yangu, ndio unaoangusha wengi kuliko ugumu wa masomo. Hakuna mhadhiri atakayepiga simu kuuliza umepotelea wapi.

Nasoma usiku, madaftari ya wanafunzi yakishasahihishwa na andalio la somo la kesho likiwa tayari. Natumia kishikwambi, kimoja kati ya vile tulivyogawiwa walimu baada ya kutumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Bando nanunua la usiku kwa kuwa ndilo nafuu; napakua kila kitu, nazima data, nalala ubavu huku mtoto ananyonya na kishikwambi kimeegemea mto. Hivyo ndivyo nilivyomsoma Piaget, yule Mswisi wa saikolojia ya watoto. Anasema mtoto wa chini ya miaka miwili huijua dunia kwa kushika na kutia mdomoni. Nilipofika hapo mwanangu alikuwa ameachia ziwa, anatafuna kona ya kishikwambi. Kesho yake nikaficha kijiko chini ya kanga mbele yake, nione kama atakitafuta. Akakitafuta. Piaget naye aliandika mengi kwa kuwatazama watoto wake watatu. Kitabu changu hakisemi nani alikuwa akiwapikia.

Kwetu hapa anayepika kipindi cha mitihani ni binti yangu, na malipo yake ni simu yangu Jumapili mchana. Mume wangu ana mikorosho. Kuanzia mwezi wa sita anapulizia salfa kuzuia ubwiriunga, na ikifika Oktoba korosho zinaanguka, kila mkono unahitajika shambani. Tumekubaliana hivi: wiki ya mtihani sihesabiwi kama kibarua, na likizo ya Desemba naokota na kuchambua bila kulalamika. Fedha za mnada zikiingia, ada ya watoto na yangu hutangulia, mabati baadaye. Tuliandika, tukatia sahihi wote wawili. Shemeji zangu wanatucheka mpaka leo.

Mama mkwe hakuandikiwa kitu. Yeye huchukua mtoto magharibi na kumrudisha baada ya isha, nami nampeleka kliniki ya presha na simbishii kuhusu uji.

“Mwanangu, hiki kisomo kinaisha lini?”

“Bado kidogo, mama.”

“Bado kidogo ile ya mwaka jana, au hii ni nyingine?”

Wahamasishaji hupenda kututolea mfano wa Mandela, aliyepata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kwa njia ya posta mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Namheshimu sana, ila mfano huo hautufai sisi. Uchungu wake ulikuwa kunyimwa watoto wake. Sisi wetu wapo, wamekaa juu ya kitabu.

Mtihani uliopita nilikwenda Mtwara na mtoto, pamoja na mpwa wangu wa kumlea. Walikaa chini ya mwembe nje ya jengo. Saa tatu za mtihani ni nyingi kwa mwenye maziwa. Nilivaa gauni jeusi makusudi. Nilipotoka nilimkuta mama mwingine, nesi kutoka Masasi, amekwisha mpakata wangu pamoja na wake. Sasa tunatumiana maswali ya miaka ya nyuma, na tumepanga mtihani ujao tukodi chumba kimoja.

Shahada yenyewe haitapandisha mshahara siku ya mahafali. Hadi mwajiri akubadilishie muundo wa utumishi, na huko kuna foleni yake. Hilo nilimweleza mume wangu kabla ya sahihi. Sasa naye anataka kuanza cheti cha kilimo, na amekuja na karatasi yake, ameandika zamu zangu za kupulizia salfa. Nimerudisha na marekebisho.