Yakub na James ni Jina Moja

Mwezi uliopita mjukuu wangu Yakub alirudishwa na makaratasi yake kutoka ofisi moja. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Jacob, cha shule kimeandikwa Yakub. Karani akamwambia, "Hawa ni watu wawili. Kalete kiapo." Kijana akarudi amenuna: "Babu, kwani mimi ni nani?"

Nikamkalisha barazani. Jina hili, ndugu msomaji, ni kongwe. Kwa Kiebrania ni Yaakov, na Taurati yasimulia kuwa alizaliwa amemshika pacha wake Esau kisigino. Kisigino kwa Kiarabu ni aqib, na katika mzizi huo yametoka maneno ya kufuata na kuja nyuma. Hata "akiba" yetu, kile kibakiacho nyuma, ni ndugu wa jina hilo. Na aliyesoma Sura Hud ataikumbuka aya ya 71: mkewe Nabii Ibrahimu alibashiriwa Is-haka, na nyuma ya Is-haka, Yakub.

Lililolipata lilipovuka bahari ndilo kubwa. Wayunani hawana ain (herufi iliyotutoa jasho chuoni!), wakasema Iakobos, Warumi wakasema Iacobus. Hapo njia zikaachana. Jacob wa Waingereza aliishika b. Lakini katika Kilatini cha baadaye b iligeuka m, likawa Iacomus, na humo akatoka Giacomo wa Wataliana, na James aliyeingia Uingereza kwa ulimi wa Kifaransa cha kale. Wahispania walilikata likawa Iago, wakalitanguliza neno lao la mtakatifu, ndiyo Santiago, mji mkuu wa Chile. Waairishi nao husema Séamus.

Mwenye shaka na amwendee jirani yake Mkristo. Katika Biblia ya Kiswahili mna Waraka wa Yakobo. Waraka huo huo kwa Kiingereza ni wa James. Na mfalme James wa Pili wa Uingereza alipopinduliwa mwaka 1688, wafuasi wake waliitwa Jacobites, maana kwa Kilatini bwana wao ni Jacobus. Karani wetu angewadai kiapo wote.

Wala jina halitambulishi dini. Jenerali Yakubu Gowon, aliyeitawala Nigeria tangu 1966 hadi 1975, ni Mkristo.

Basi kiapo tumekula kwa wakili, na ada tumelipa. Kijana ameomba liandikwe Yakub, kama alivyoitwa siku ya saba.