Kanola si 'ubakaji'

Juzi nilikuta "mafuta ya ubakaji" katika tafsiri ya mwanafunzi wangu. Nilicheka, ila kamusi ndiyo iliyomponza. "Rape" hiyo ni mmea. Jina limetokana na Kilatini "rapum", yaani tanipu. Mwaka 1935, Nagaharu U alieleza kwamba mmea huu ni chotara wa tanipu na jamii ya kabeji. Kumbe ni ndugu wa sukuma wiki!

Mafuta yake ya zamani yalijaa asidi ya eruki. Mwaka 1974, Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alitoa mbegu ya Tower, yenye asidi kidogo na mashudu yasiyodhuru mifugo. Mbegu za namna hiyo ndizo kanola. Ile ya zamani, ya kulainishia mitambo, siyo. Hiyo nimemwambia aiite rapa, hata kama vijana watadhani ni mwanamuziki.