Nyumba ya kuta nne: Wamaori walivyobadili tiba ya akili na uuguzi

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Nchini New Zealand, methali hiyo ingefaa kuwa funzo la utabibu, kwani Wamaori, wenyeji asilia wa visiwa hivyo, huifananisha afya ya mwanadamu na nyumba.

Mfano huo uliasisiwa mwaka wa 1984 na Mason Durie, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwenyewe ni Mmaori. Aliuita Te Whare Tapa Whā, yaani nyumba ya pande nne. Ukuta wa kwanza ni mwili, wa pili akili na hisia, wa tatu roho, na wa nne jamaa na ukoo. Ukuta mmoja ukiinama, nyumba nzima huyumba.

Kwa mujibu wa mtazamo huu, mgonjwa aliyelemewa na huzuni haulizwi dalili zake pekee. Huulizwa pia ametoka ukoo gani na ni nini kilichomtenga na watu wake. Jamaa zake hukaribishwa kikaoni badala ya kusubiri nje. Dawa za hospitali hazikataliwi, ila haziwezi kuzishika kuta zote nne.

Nyufa zenyewe zina historia. Baada ya Mkataba wa Waitangi wa 1840, Wamaori walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao. Sheria ya 1867 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na watoto wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Mwaka wa 1907, sheria nyingine iliwaharamisha waganga wao wa jadi, tohunga, na haikufutwa hadi 1962. Watu walinyang'anywa ardhi, lugha na waganga, kisha wakatarajiwa kupona katika hospitali zisizowaelewa.

Mabadiliko katika uuguzi yalianza na swali. Katika mkutano uliofanyika Christchurch mwaka wa 1988, mwanafunzi mmoja Mmaori alihoji: ikiwa wauguzi hufunzwa usalama wa kisheria na wa kimaadili, usalama wa kitamaduni uko wapi? Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu Mmaori, alilikuza swali hilo likawa nadharia kamili. Kufikia 1992, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilikuwa limeliingiza somo hilo katika mafunzo ya taaluma.

Hata hivyo, wapo waliolipinga vikali, wakidai kuwa ni siasa iliyopenyezwa darasani. Wengine walidhani kwamba ni kukariri mila: kwa mfano, kwamba kwa Wamaori kichwa ni kitakatifu, hivyo mto wa kulalia haukaliwi. Kujua hayo ni heshima, lakini Ramsden alidai zaidi. Alimtaka muuguzi ajichunguze kwanza, atambue chuki na mazoea aliyokulia, pamoja na mamlaka aliyo nayo mbele ya mtu aliyelala kitandani. Aidha, alisisitiza kuwa anayeamua iwapo huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa.

Ramsden aliaga dunia mwaka wa 2003, lakini kipimo chake kingali kinatumika. Fundi anaweza kuusifu ukuta alioujenga, lakini anayejua kama nyumba inavuja ni yule anayelala ndani.