Kidonge cha Goti Kinachoponya Upesi Mno

Mtu ambaye ngazi zimeanza kumshinda na kusujudu kumekuwa kazi huambiwa kwamba magoti yake "yameishiwa mafuta". Kauli hiyo imeuza vidonge vingi. Kinacholika katika ugonjwa huo, osteoathritisi ya goti, ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kulirudisha.

Virutubisho maarufu zaidi ni glukosamini na kondroitini. Vyote ni viambata ambavyo mwili hutumia kujenga gegedu, kwa hiyo wazo la kumeza kile kinachopungua linaingia akilini. Mwaka 2006 Marekani ilichapisha matokeo ya GAIT, jaribio la wagonjwa 1,583 waliofuatiliwa kwa wiki 24 bila wao wala madaktari wao kujua nani anameza nini. Waliopata nafuu ya kutosha kwa glukosamini walikuwa asilimia 64, kwa kondroitini 65, kwa vyote viwili 67. Waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa yoyote, walikuwa asilimia 60.

Hiyo 60 ndiyo ya kutazamwa sana. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na wengi hutafuta dawa yakiwa yamepanda. Yakishuka, sifa huenda kwa kidonge. Tumaini nalo hupunguza maumivu kwelikweli. Jirani anayeapa kwamba vidonge vimemsaidia hasemi uongo.

Wauzaji hupenda kutaja kundi dogo ndani ya GAIT, la wenye maumivu makali, ambao mchanganyiko ulionekana kuwafaa. Lakini mchanganyiko huohuo ulijaribiwa Hispania kwa wagonjwa 164, na katika matokeo yaliyochapishwa 2017 kidonge kitupu kiliushinda.

Manjano yana ushahidi wa matumaini kidogo. Huko Tasmania, Australia, watu 70 walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliotumia dondoo ya manjano walipungukiwa maumivu kiasi, ingawa picha za magoti hazikuonyesha badiliko. Yale ya mchuzi hayana neno. Vidonge vya dondoo iliyokolezwa, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe zaidi, vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji. Glukosamini ni pole kwa wengi, ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari kujua, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Ninachokiogopa mimi ni kirutubisho kinachoondoa maumivu kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu Artri King, kilichouzwa kama kirutubisho cha viungo. Vipimo vilikuta ndani yake diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Ya kwanza inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Ya pili hupandisha sukari na presha, na ikitumika kwa muda hulaza tezi zilizo juu ya figo, hata mtu akiiacha ghafla anaweza kuanguka na kufa.

Kwa hiyo, kama umekuwa ukimeza kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, usikikatize mwenyewe. Beba kopo lenyewe hospitali, mwambie daktari umeanza lini, akupimie damu na kukuongoza namna ya kuacha.