Bunduki Iliyokosa Chakula

Je, mpenzi msomaji, wajua kwamba bunduki yaweza kuwa nzima, imepakwa mafuta na kung'aa, na bado ikawa bubu? Ndivyo ilivyo Henry, bunduki ya Marekani ya mwaka wa 1860. Ilibeba risasi 16 kwa mpigo, ikasifika sana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865.

Shida si bunduki, ni risasi. Risasi nyingi za leo zina kiwashio katikati ya kitako. Kikishalipuka chang'olewa, kipya chatiwa. Ya Henry si hivyo. Dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa kitako. Ukingo ukigongwa shaba yabonyea, moto wawaka. Basi! Ganda limekwisha kazi, kama njiti ya kiberiti. Viwanda vilipoacha kuzitengeneza, Henry zikawa mapambo ya ukutani.

Wenyewe hawakukubali. Siku hizi mafundi hukereza ganda jipya la shaba lenye tundu dogo pembeni, na humo hukaa kiwashio cha kubadilishwa. Lakini risasi ikiingia imegeuka upande, hugongwa shaba tupu. Kimya! Baruti nayo sharti iwe nyeusi ya kizamani, kwani ya kisasa yaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Nilimweleza jirani yetu, fundi wa kerezo. Akacheka: "Kijana, kazi yote hiyo kwa mlio mmoja?" Kisha akaniuliza tundu lenyewe liko umbali gani na ukingo.