Chanjo na Safari za Ng'ambo: Kila Sheria Ina Sababu Yake

Watu wengi wa Kenya husafiri kwenda nchi za nje kila mwaka. Wako waendao kuhiji Makka, wako waendao Bara Hindi kusoma au kutafuta matibabu, wako wafanyao kazi katika nchi za Ghuba, na wako madereva wa malori wavukao mipaka ya Uganda na Tanzania kila juma. Wote hujua kwamba msafiri hana budi kuwa na pasipoti au hati nyingine ya safari, na kwamba nchi nyingine hutaka visa pia. Lakini liko jambo la tatu ambalo mara nyingi husahauliwa mpaka siku ya safari imewadia, nalo ni cheti cha chanjo. Mtu asiye nacho, au aliye nacho lakini hakikuandikwa sawasawa, aweza kukatazwa kupanda ndege, au kuwekwa karantini, au kurudishwa alikotoka na nauli yake ikapotea bure.

Jambo hili limewaudhi wengi, hata wakasema kwamba sheria hizi zimetungwa ili kumsumbua msafiri. Sivyo. Kila sheria ya namna hii ina sababu yake katika tabia ya ugonjwa wenyewe, na mtu akiifahamu sababu hataona taabu kuikumbuka sheria.

ASILI YA SHERIA HIZI

Zamani, nchi iliyoogopa maradhi ilikuwa na njia moja tu ya kujikinga, nayo ni kuwazuia wageni. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao sasa huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watu watokao mahali penye tauni wakae mbali na mji kwa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Baadaye, katika bandari nyingine, siku hizo zilifanywa kuwa 40. Na neno karantini latokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini.

Lakini kila nchi ilijitungia sheria zake, na meli moja iliweza kuzuiwa siku nyingi katika bandari hii, kisha siku nyingi tena katika bandari ya pili. Ndiyo sababu mwaka 1851 wajumbe wa serikali 12 walikutana Paris ili kutafuta mapatano. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwaka 1951 nchi zilizomo katika Shirika la Afya la Ulimwengu zilikubali kufuata sheria moja ya afya kwa wasafiri. Sheria hiyo ilitengenezwa upya mwaka 2005, ikaanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Shabaha yake ni kuzuia maradhi yasienee, lakini bila kuzuia safari na biashara kupita kiasi.

Sababu ya sheria ikiisha, sheria nayo huondolewa. Hapo zamani msafiri alitakiwa kuonyesha cheti cha kuchanjwa ndui kila avukapo mpaka. Mtu wa mwisho kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merca, nchi ya Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani, na leo hakuna mpaka ambapo cheti hicho huulizwa.

KADI YA MANJANO

Cheti kinachojulikana zaidi ni kile cha homa ya manjano, ambacho watu hukiita kadi ya manjano. Ugonjwa huu huenezwa na mbu. Mbu akimwuma mgonjwa hunyonya virusi pamoja na damu, na baada ya siku kadhaa aweza kumwambukiza mtu mwingine amwumaye. Kenya ni mojawapo ya nchi ambazo ugonjwa huu waweza kutokea. Ulizuka katika Bonde la Kerio mwaka 1992, na tena katika upande wa Isiolo mwaka 2022.

Huko Bara Hindi mbu wa aina hiyo wako tele, lakini ugonjwa wenyewe haujapata kuingia. Mgonjwa mmoja tu akifika, mbu wa huko wangeweza kuuchukua na kuueneza katika mamilioni ya watu ambao hawakuchanjwa. Kwa hiyo msafiri atokaye Kenya akifika Bara Hindi bila cheti kinachofaa, aweza kuwekwa karantini mpaka siku 6 zipite tangu alipoondoka mahali penye hatari. Siku hizo hazikuchaguliwa ovyo: ndizo zinazohesabiwa kuwa muda wa ugonjwa kujificha mwilini kabla ya dalili kuonekana.

Hesabu nyingine ni ya siku 10. Mtu akichanjwa leo, mwili wake haupati kinga papo hapo. Huchukua siku kadhaa kuitengeneza. Kwa hiyo cheti huanza kufaa siku 10 baada ya chanjo. Mtu aliyechanjwa tarehe 1 Juni, cheti chake chaanza kufaa tarehe 11 Juni. Akisafiri tarehe 5, ni sawa na mtu asiye na cheti, hata kama kila kitu kimeandikwa vizuri. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa hukumbuka chanjo wanapokwisha kununua tikiti.

Zamani cheti hiki kilidumu miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chadumu maisha yote ya mwenyewe, hata kama kilitolewa kabla ya tarehe hiyo. Mwenye kadi ya zamani iliyo sahihi hana haja ya kuchanjwa tena kwa sababu ya miaka kupita.

NAMNA CHETI KIANDIKWAVYO

Cheti ni barua ambayo daktari wa nchi moja humwandikia ofisa wa nchi nyingine, ambao hawajapata kuonana. Kwa hiyo hakina budi kuwa wazi. Jina liwe lile lile lililo katika pasipoti. Tarehe ya chanjo, jina la waliotengeneza dawa na namba ya fungu la dawa viandikwe. Mganga atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na muhuri wa kituo kilichoruhusiwa na Serikali upigwe. Kila mtu awe na cheti chake, hata mtoto. Cheti kimoja hakiwezi kutumika kwa jamaa nzima. Neno likifutwa au kuandikwa juu ya jingine, cheti chaweza kukataliwa.

Wako watu ambao chanjo hii yaweza kuwadhuru, kama vile watoto wachanga na watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika. Hao wamwone daktari mapema. Akiona kwamba hawafai kuchanjwa, atawaandikia barua ya kueleza hivyo. Lakini barua hiyo si amri kwa nchi nyingine. Huko waendako waweza bado kuwekwa chini ya uangalizi.

MAMBO YALIYOTUKIA WAKATI WA KORONA

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema kwamba ugonjwa wa korona umeenea duniani kote. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 25 mwezi huo huo ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mpaka tarehe 1 Agosti. Ugonjwa ulikuwa mpya. Hapakuwa na chanjo, wala hapakuwa na mapatano juu ya cheti gani kikubaliwe. Kila nchi ikarudia desturi ile ya kale ya kujitungia sheria.

Madereva wa malori waliona taabu hiyo kabla ya watu wengine. Uganda ilipoanza kuwapima mpakani, sampuli zilipelekwa Entebbe na majibu yalikawia. Huko Malaba na Busia foleni ya malori ikawa ndefu kwa makilomita mengi, na madereva wakalala barabarani siku kadhaa. Hofu ya Uganda ilikuwa na msingi, kwa maana dereva hupita miji mingi kwa siku chache. Lakini shehena nazo zilihitajiwa, na miongoni mwake zilikuwamo dawa na mafuta. Mwishowe ilikubaliwa kwamba dereva apimwe kabla ya kuondoka, apewe cheti cha kudumu siku 14, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziweze kuyaona majibu yake kwa mtambo mmoja. Taabu ilipungua pale nchi moja ilipokubali kuamini kipimo cha nchi nyingine.

Chanjo za kwanza za korona zilifika Nairobi mwezi wa Machi 2021. Wengi walidhani kwamba aliyechanjwa atasafiri apendavyo. Haikuwa hivyo. Tangu tarehe 9 Aprili mwaka huo Uingereza iliitia Kenya katika orodha yake nyekundu, na mtu aliyekuwa na haki ya kukaa Uingereza, akitoka Kenya, alilazimika kukaa hotelini siku 10 kwa gharama yake mwenyewe. Kenya iliondolewa katika orodha hiyo tarehe 22 Septemba, lakini vyeti vya chanjo vilivyotolewa Kenya bado havikukubaliwa, ingawa baadhi ya dawa zilizotumika zilitolewa na Uingereza yenyewe. Dawa ilikuwa njema. Lililokosekana ni mapatano juu ya karatasi. Baada ya serikali hizo mbili kuzungumza, vyeti vya Kenya vilianza kukubaliwa tarehe 11 Oktoba 2021.

Wasafiri wa Hija nao walijaribiwa. Mwaka 2020 waliohiji ni watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Mwaka 2021 waliruhusiwa watu 60,000, nao pia walikuwa wakazi wa nchi hiyo. Mwaka 2022 mahujaji kutoka nje walikaribishwa tena, lakini kwa sharti wawe na umri wa chini ya miaka 65, wawe wamekamilisha chanjo ya korona, na wapimwe katika muda wa saa 72 kabla ya kuondoka. Wazee walioweka akiba kwa miaka mingi waliambiwa wangoje, kwa sababu ugonjwa huo uliwaua wazee kuliko vijana. Mwaka 2023 sharti la umri liliondolewa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba korona si hali ya dharura tena duniani. Nchi nyingi ziliyaondoa masharti yake. Lakini masharti ya maradhi mengine hayakuondoka. Kadi ya manjano yaulizwa bado, na hujaji atakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika Saudia, kwa kuwa ugonjwa huo huenea upesi penye msongamano wa watu.

VYETI VYA UONGO

Wako watu wauzao kadi za manjano bila chanjo. Anunuaye hudhani amejiokolea muda na fedha, kumbe amejinunulia hatari. Mwezi wa Machi 2012 Afrika ya Kusini iliwarudisha wasafiri 125 wa Nigeria kwa kuzishuku kadi zao. Nigeria nayo ikawarudisha watu wa Afrika ya Kusini, na mwishowe Afrika ya Kusini ikaomba radhi. Kadi za uongo zikiwa nyingi, hata mwenye kadi ya kweli haaminiwi, naye huteseka kwa kosa la mwingine.

Tena kadi haimzuii mbu. Kinachomzuia ugonjwa ni chanjo iliyo mwilini. Mwaka 2016 homa ya manjano ilienea Angola, na wafanyakazi 11 wa Kichina waliokuwa huko walirudi kwao wakiwa nayo. Ugonjwa huo haukuwa umepata kuonekana Asia kabla ya hapo. Kenya pia ilipata wagonjwa wawili waliotoka Angola mwaka huo. Mtu wa namna hiyo huenda akapita mbele ya ofisa kwa karatasi ya uongo, lakini akafa kitandani, na pengine akawaachia jirani zake ugonjwa.

YAMPASAYO MSAFIRI

Msafiri mwenye busara hujiuliza maswali matatu. La kwanza: Natoka wapi? Nchi nyingi hutaka cheti kwa sababu ya mahali mtu atokapo. La pili: Nitapita wapi? Nchi nyingi humhesabu mtu aliyengoja katika kiwanja cha ndege cha nchi yenye hatari kwa zaidi ya saa 12 kana kwamba ametoka nchi hiyo. La tatu: Nakwenda wapi, na huko wataka nini wakati huu? Sheria za mwaka jana huenda zimekwisha kubadilika, kwa hiyo aulize ubalozi wa nchi aendayo na kampuni ya ndege, asitegemee maneno ya rafiki aliyesafiri zamani.

Kisha aende kituo cha chanjo kilichoruhusiwa, yapata majuma sita kabla ya safari, ili siku 10 zipite bila wasiwasi na makosa yoyote ya kuandika yapate kusahihishwa. Asiondoke dirishani kabla ya kulinganisha jina, tarehe, sahihi na muhuri na pasipoti yake. Akifika nyumbani atoe nakala ya cheti, akiweke pamoja na pasipoti, wala asiingie safarini hali kimesahauliwa sandukuni. Siku chache kabla ya kuondoka aulize tena kama masharti yamebadilika, kwa maana wakati wa maradhi sheria yaweza kugeuka kati ya siku ya kununua tikiti na siku ya kupanda ndege.